Kuzilaza programu zinazoamka zenyewe usiku kwenye simu

Mama mmoja anayechukua samaki Deep Sea na kwenda kuwauza Mgandini alinifikia asubuhi, sijamaliza hata kupanga meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie betri ya simu hii, iliyomo imeshakufa."

Nikamuuliza imekufaje. Akasema aliiacha na chaji asilimia 90 alipokwenda kulala saa nne usiku. Alipoamka saa kumi alfajiri kuziwahi mashua, akaikuta na 41. Hakuna aliyeigusa, usiku kucha ilikuwa juu ya kabati, kioo chini. Data huwa anaiacha wazi kwa sababu mwanawe yuko Muscat na humpigia WhatsApp wakati wowote.

Sikumuuzia betri. Tulikaa kwenye benchi kama dakika ishirini tukatazama nani kala chaji usiku, tukazilaza programu mbili, na ya tatu tukaifuta. Kesho yake akapita na beseni lake kichwani, akanipigia kelele toka ng'ambo ya barabara: "Themanini na nne!" Betri ilikuwa ileile.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, na betri nyingi ninazoletewa nizibadilishe hazina kosa. Inaniuma kumwona mtu anatoa pesa ya betri, au bando lake la wiki linakata Jumatano, kwa jambo ambalo angelimaliza mwenyewe barazani bila kumlipa mtu. Ndiyo maana nimeandika haya yote, hatua kwa hatua, kama ninavyomwelekeza aliyekaa mbele yangu.

Kwanza tujue tunapambana na nini

Ukitoka kwenye programu kwa kitufe cha nyumbani, haifungwi. Inasogezwa nyuma, na huko nyuma inaweza kuwa katika hali moja kati ya tatu.

Hali ya kwanza, imelala tu kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya simu, ikikusubiri urudi. Chaji inayokula ni ndogo mno. RAM ikijaa, Android, mfumo unaoendesha simu nyingi zisizo iPhone, yenyewe huiondoa, na huanza na zile ulizoziacha zamani. Hizi ndizo unazoziona ukifungua orodha ya programu za karibuni, na hizi ndizo watu wanazozipangusa kutwa, moja baada ya moja, kama wanafukuza nzi kwenye samaki. Kazi hiyo haina faida. Mwaka 2016 mteja mmoja aliuliza Apple kama kuzifunga programu namna hiyo kunaokoa chaji, na Craig Federighi, msimamizi wa programu za kampuni hiyo, akamjibu kwamba hapana. Siku hizohizo Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android pale Google, akaunga mkono, na akaongeza kwamba kuzifunga kila mara kunaweza hata kuzidisha ulaji wa chaji kidogo.

Sababu yake utaielewa ukifikiria jiko la mkaa. Makaa yaliyofunikwa majivu yanashika kwa pepeo mbili tatu. Ukiyamwagia maji kila ukimaliza kupika chai, kila chai utaanza na kiberiti na mafuta ya taa. Programu iliyolala kwenye RAM ni yale makaa ya majivuni. Iliyoondolewa lazima isomwe upya toka kwenye hifadhi ya simu, na hapo ndipo prosesa, ubongo wa simu, inapofanya kazi ya nguvu.

Hali ya pili, programu iko nyuma lakini inafanya kazi unayoijua: kaswida inayopigwa ukiwa umezima kioo, ramani inayokuongoza, simu ya WhatsApp, faili linalopakuliwa. Android huitaka programu ya namna hii iweke arifa yake juu ya kioo ili ujue ipo. Iache ifanye kazi yake.

Hali ya tatu ndiyo mwizi. Hii ni programu inayojiamsha yenyewe: simu inapowashwa, kila baada ya muda fulani, au kila unapohama mahali. Inakwenda mtandaoni kuuliza kama kuna jipya, inapeleka mahali ulipo, inashusha matangazo, inalala, inaamka tena. Mzigo wenyewe huenda ni mdogo sana. Lakini simu ikishaamsha njia yake ya mtandao hailali papo hapo. Inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine. Programu tano zikiamka kwa zamu, simu haipati usingizi kabisa.

Google wamekuwa wakizibana programu hizi mwaka hadi mwaka. Android 6, mwaka 2015, ilileta usingizi mzito ambao simu huuingia ikiwa imetulia mahali, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaja. Android 8, mwaka 2017, ilianza kuzisimamisha huduma za nyuma dakika chache baada ya wewe kutoka kwenye programu. Android 9, mwaka 2018, ikazipanga programu kwa makundi, ili usiyoigusa siku nyingi ipewe nafasi chache za kuamka. Kwa hiyo simu yako ikiwa mpya, nusu ya kazi imeshafanyika. Hata hivyo simu nyingi zinazopita mezani kwangu ni za miaka ya nyuma, RAM yake ni GB 2 au 3, na zimejazwa programu ambazo mwenyewe hakumbuki zimeingiaje.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Leo usiku usibadili kitu. Andika asilimia na saa unapokwenda kulala, data ukiiacha kama kawaida yako. Asubuhi andika tena kabla hujafungua chochote. Kwa ninavyoziona mimi, simu yenye betri nzima ikilala saa saba au nane hupoteza asilimia 5 hivi, ikizidi 10. Ukiona 20 na kuendelea, kuna kinachoamka.

Usiku wa pili zima data na Wi-Fi, pima vilevile. Ikiwa safari hii imeshuka 4 wakati jana ilishuka 25, umeshajua kwamba mwizi anapita mlango wa mtandao. Ikiwa imeshuka sawasawa na jana, weka hali ya ndege usiku wa tatu. Hali ya ndege inazima hata mawasiliano na mnara, na mnara ukiwa mbali simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Nimeletewa simu za watu waliotoka huko milimani Lushoto wakilalamika zinapata moto mfukoni, na walipoteremka mjini zikapoa zenyewe. Hapo hakuna programu ya kulaumu.

Kengele ya kuamkia inalia hata kwenye hali ya ndege, usiogope. Simu za watu tu ndizo hazitaingia.

Hatua ya 2: Mtazame mlaji usoni

Fungua Mipangilio, tunayoita setingi, ingia Betri, kisha matumizi ya betri. Fanya hivi asubuhi kabla ya kuchomeka chaja, maana simu nyingi za zamani zinaanza hesabu upya zikishajaa. Majina ya menyu yanapishana kidogo kati ya simu na simu. Ukipotea, tumia kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu kabisa ya Mipangilio. Na kama Kiingereza cha simu kinakuchosha, ingia sehemu ya lugha uchague Kiswahili. Android inacho, na baada ya siku mbili utakuwa umeshazoea maneno yake.

Utaona orodha ya programu na asilimia zake. Usikimbilie kuilaumu ya juu kabisa. Bonyeza jina, utazame muda iliokaa kwenye kioo na muda iliofanya kazi chinichini. Hapa ndipo penye siri. Programu ya video uliyoitazama saa tatu na ikala asilimia 20 haina kosa, imekutumikia. Programu uliyoifungua dakika 2, kisha ikafanya kazi chinichini saa 6, hiyo ndiyo ya kuiita pembeni.

Rudia uchunguzi huo kwa data: Mipangilio, mtandao na intaneti, matumizi ya data. Ukibonyeza jina la programu utaona data iliyotumika mbele yako na iliyotumika chinichini. Wengi hushtuka hapa kuliko kwenye betri.

Ukiwa na Android 13 au ya baadaye, vuta pazia la juu ya kioo mara mbili. Chini yake utaona idadi ya programu zinazofanya kazi saa hiyohiyo. Ukiibonyeza unapata majina na kitufe cha kuisimamisha kila moja. Kitufe hicho kinafaa kwa haraka, ila hakiizuii programu kuamka tena baadaye.

Hatua ya 3: Andika zisizolazwa

Hapa twende taratibu, kwa sababu niliwahi kukosea na kosa lenyewe sijalisahau.

Mzee mmoja wa jirani aliniletea simu iliyokuwa nzito mno. Nikazilaza programu zote nilizoziona, simu ikawa nyepesi, nikafurahi. Siku ya tatu mzee akarudi. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Mwanangu, simu yangu haijaadhini alfajiri siku mbili sasa." Masikio yake yamechoka, adhana ya msikitini haimfikii vizuri akiwa ndani, na simu ile aliiweka chini ya mto kwa ajili hiyo tu. Programu ya nyakati za swala ilikuwa mojawapo ya zile nilizozilaza. Niliona aibu kubwa, nikamwomba radhi, nikairudisha mbele yake.

Tangu siku ile simgusii mtu simu yake kabla sijamuuliza: kitu gani humu kikinyamaza utaumia? Jiulize na wewe, uandike majibu kwenye karatasi. Majibu ninayoyapata mara nyingi ni haya: saa ya kengele, nyakati za swala, kikumbusho cha dawa, WhatsApp kwa mwenye mtu wa mbali, programu ya kupokea abiria kwa vijana wa bodaboda na bajaji, na programu inayounganisha saa ya mkononi au kifaa cha kupimia sukari. Kibodi unayoandikia nayo usiiguse. Huduma za Google Play usiziguse kabisa, hata ukiziona juu kwenye orodha ya walaji, kwa sababu ndizo bomba moja linaloleta arifa za programu nyingine zote. Ukiliziba, hata WhatsApp itachelewa.

Kuna ambazo watu huogopa kuzilaza bila sababu. Programu ya huduma ya pesa ya mtandao wako, kwa mfano. Ujumbe wa kuingia kwa pesa unakuja kwa SMS, na SMS haitegemei programu ile. Menyu ya *150*00# na zenzake inafanya kazi hata simu ikiwa haina data. Unaweza kuilaza programu hiyo usingizi mzito, ukaiamsha siku unayoihitaji.

WhatsApp nayo haihitaji kuachiwa bila mpaka. Ujumbe ukitumwa, Google huigonga simu kupitia lile bomba, na WhatsApp huamka ikaupokea. Iache kwenye daraja la kati nitakalolieleza sasa hivi. Yule mama wa Deep Sea tulimwachia hapo, na mwanawe anampata kama zamani.

Hatua ya 4: Zilaze, tatu tatu

Fungua Mipangilio, Programu, jina la programu, kisha Betri. Kuanzia Android 12 simu nyingi hukupa madaraja matatu: la juu, programu inafanya itakavyo, la kati, Android inaisimamia, la chini, inazuiwa chinichini. Ile uliyoikamata kwenye hatua ya 2, na haimo kwenye karatasi yako, ipeleke daraja la chini. Simu nyingine zina swichi moja tu ya kuruhusu au kukataza matumizi ya chinichini. Izime.

Usilaze programu thelathini kwa mkupuo. Laza tatu, lala, pima asubuhi. Kitu kikiharibika utajua kimetokana na ipi. Mimi nilizilaza zote kwa siku moja, na mzee akakosa adhana.

Kwa Samsung, ingia Betri, kisha mipaka ya matumizi ya chinichini. Kuna orodha ya usingizi wa kawaida na orodha ya usingizi mzito. Iliyo kwenye usingizi mzito haifanyi kazi mpaka uifungue kwa mkono wako. Samsung pia huzilaza yenyewe programu usizozitumia siku nyingi, kwa hiyo ukikosa arifa ya kitu unachokitaka, kitafute humo kwanza.

Tecno na Infinix, ambazo ndizo nyingi zaidi hapa mjini, zina programu iitwayo Phone Master. Ndani yake kuna sehemu ya kusimamia programu zinazojiwasha, na kwenye baadhi ya matoleo sehemu hiyo iko ndani ya Mipangilio. Redmi na Xiaomi wanaiweka kwenye ruhusa za programu. Oppo na realme wanayo pia, kwenye usimamizi wa programu. Hii swichi ya kujiwasha inahitaji maelezo kidogo. Simu inapomaliza kuwaka, Android hutoa tangazo kwamba sasa iko tayari, na programu yoyote iliyoomba kulisikia tangazo hilo inaamka hapohapo. Ndiyo maana simu yenye RAM ndogo huganda dakika mbili za mwanzo baada ya kuwashwa: wote wanaingia mlangoni kwa pamoja. Zima kujiwasha kwa kila programu isiyokuwa kwenye karatasi yako, utaona simu inavyowaka. Simu zenye Android tupu isiyoongezwa kitu hazina swichi hii, na kwa hizo daraja la chini la betri linatosha.

Halafu kipo kitufe cha kulazimisha kusimama, kwenye ukurasa wa programu yenyewe. Kina nguvu kuliko kupangusa. Programu iliyosimamishwa hivyo inapoteza kengele zake zote na haisikii tangazo lolote mpaka wewe uifungue tena. Kitumie kwa programu unayoihitaji mara moja kwa mwezi na usiyotaka kuifuta. Ukiifungua tu, inarudi kama ilivyokuwa, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kuilaza.

Hatua ya 5: Funga mlango wa data

Kwenye sehemu ileile ya mtandao kuna Kiokoa Data, kilicholetwa na Android 7 mwaka 2016. Ukikiwasha, programu za nyuma zinakatiwa data ya bando, ila zile utakazozitaja kuwa huru. Taja WhatsApp, taja na nyingine moja au mbili za kwenye karatasi, basi.

Play Store iambie isasishe programu kwa Wi-Fi tu. Bila hivyo, siku unayonunua bando kubwa ndiyo siku inayoamua kusasisha programu kumi na mbili.

WhatsApp ina mambo mawili yanayoliliza bando, na yote yamo ndani ya mipangilio yake yenyewe. La kwanza ni kupakua picha na video bila kuulizwa. Mtu aliye kwenye kikundi cha harusi, kikundi cha msiba, cha upatu, cha wazazi wa darasa la tatu na cha ukoo, anapakua mamia ya video kwa wiki ambazo hatazitazama. Ingia sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote kwenye data ya simu. Video unayoitaka utaibonyeza mwenyewe. La pili ni hifadhi rudufu, yaani nakala ya akiba, ya mazungumzo. Inafanyika saa nane usiku, wakati unadhani simu imelala, na ikiwa umejumuisha video inaweza kuchukua muda mrefu ikipakia. Ichague iwe kwa wiki mara moja, kwa Wi-Fi tu, bila video. Kwenye simu ya yule mama, ukiacha zile programu tatu, hii ilikuwa ya nne.

Hatua ya 6: Ruhusa ya mahali

Ingia Mipangilio, mahali, ruhusa za programu. Tangu Android 10, mwaka 2019, unaweza kuiruhusu programu ijue ulipo wakati unapoitumia tu. Itazame orodha ya zilizoruhusiwa wakati wote. Nimeikuta tochi humo. Nimekuta mchezo wa watoto wa kupanga matunda. Tochi haina haja ya kujua kama uko Chumbageni au Raskazone. Zote zishushe ziwe wakati wa matumizi, au zikatae kabisa. Hapa ni zaidi ya chaji, ni usalama wako na wa wanao, na mimi huwa sisubiri kuulizwa, nalisema kwa kila mteja.

Hatua ya 7: Futa

Programu inayolala kwa amani kuliko zote ni ile isiyokuwepo. Sisi Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na ningependa programu nyingi ziwe wageni wa namna hiyo. Ile ya kutengenezea kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu yako ilikuja kwa kazi ya siku moja, na mwaka wa pili huu bado inaamka kila asubuhi kukuletea tangazo. Iondoe. Ukiihitaji tena utaipakua.

Zile zilizokuja na simu hazifutiki, lakini nyingi zina kitufe cha kuzizima kwenye ukurasa wake. Iliyozimwa haifanyi kazi tena na hutaiona kwenye orodha ya programu zako. Zima zile unazozifahamu tu: mchezo, duka la pili la programu, habari zinazojitokeza pembeni ya kioo. Jina usilolielewa liache, huenda ndilo linalobeba laini yako.

Na zile programu za kusafisha simu, za kuongeza kasi, za kuponya betri? Futa bila kujadiliana. Kazi yake ni kuziondoa programu zilizolala kwenye RAM, zile za hali ya kwanza, kisha zinaamka upya na kula chaji, na yenyewe inazifukuza tena huku ikikuonyesha tangazo. Yenyewe haipumziki hata dakika, maana inalinda. Kwa yule mama, programu iliyokula chaji kuliko zote usiku ule ilikuwa ya aina hii, na aliwekewa na mtu aliyedhani anamsaidia. Phone Master na zenzake zilizokuja na simu zibaki kwa ajili ya ile swichi ya kujiwasha, ila kitufe chao kikubwa cha kusafisha usikizoee.

Wapo vijana watakaokuelekeza ubonyeze nambari ya muundo mara saba, uingie kwenye chaguo za wasanidi, menyu iliyofichwa ya watengeneza programu, ukaweke kikomo cha michakato ya chinichini. Kikomo hicho hakichagui, kinaikata ya adhana sawasawa na ya tochi, na simu ikizimwa na kuwashwa kinafutika. Siwashauri.

Wenye iPhone

Kwenu kazi ni fupi. Ingia Mipangilio, sehemu ya Jumla, utafute swichi ya programu kujisasisha chinichini, iliyoko tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Unaweza kuizima yote, kuiacha kwa Wi-Fi tu, au kuchagua programu moja moja. Ujumbe wa WhatsApp utaendelea kuingia. Hali ya kuokoa chaji, ile inayogeuza alama ya betri kuwa ya njano, nayo inazima kujisasisha huko kwa muda. Kisha pitieni ruhusa za mahali kama nilivyoeleza juu. Kupangusa programu kwenda juu kila dakika kuacheni.

Pima tena

Baada ya usiku wa tatu wa kulaza, linganisha namba zako na zile za hatua ya 1. Ikitoka 25 ikawa 7, simama hapo. Usiendelee kulaza kwa tamaa ya kufika 3, utaanza kukosa simu za watu.

Ikiwa imeshuka kidogo tu, rudi hatua ya 2 ukatazame nani yuko juu sasa. Mara nyingi mlaji wa pili alikuwa amefichwa na wa kwanza. Ukisasisha mfumo wa simu, pitia mipangilio hii upya, kwa sababu nimeona simu kadhaa zikirudisha programu zilizolazwa baada ya kusasishwa.

Na ikiwa hata kwenye hali ya ndege chaji inaanguka vilevile, hapo huenda betri imechoka kweli. Joto letu la pwani haliisaidii, hasa ikichajiwa juu ya kitanda chini ya mto, au ikiachwa mbele ya kioo cha gari juani. Kabla hujaja, itazame simu kwa ubavuni. Ukiona kioo kimenyanyuka au mfuniko wa nyuma haukai sawa, betri imevimba. Hiyo usiichaji tena hata kidogo, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa. Izime, iweke mbali na jiko na watoto, uilete siku hiyohiyo.